Tetsje Algra, Mwalimu wa Waandishi wa Jumamosi (1948–2024)

Mpendwa wetu Tetsje Algra, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 katika kijiji cha Aldesyl, kaskazini mwa Friesland, jimbo la Uholanzi. Alikuwa kifungua mimba wa Lieuwe na Jantsje Tamminga, akafuatiwa na mdogo wake mmoja, Rienk. Baba yao alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha siagi cha hapo kijijini.

Shule ya msingi aliisoma Aldesyl, ambako watoto walicheza kwa Kifrisia, lugha ya nyumbani, na kuandika kwa Kiholanzi. Kuiandika lugha ya mama yake alijifundisha mwenyewe akiwa chuoni Leeuwarden, alikohitimu ualimu mwaka 1969.

Alifundisha mjini Dokkum kwa miaka arobaini na mmoja, na hakuwa na msamaha kwa herufi iliyokosewa. Sjouke Algra, seremala aliyekuja kutengeneza madirisha ya shule, alimwandikia barua ya mapenzi. Akarudishiwa ikiwa na wino mwekundu mahali saba. Sjouke aliinakili upya bila kosa, akaileta kwa mkono wake. Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1973, wakajaliwa watoto wawili, Hylke na Maaike. Sjouke alipofariki mwaka 2011, nyumba ilikuwa kimya mno kwa mtu aliyezoea kelele za darasa.

Ndipo Tetsje akaanza kuandika kama mhariri wa kujitolea katika kamusi elezo ya mtandaoni ya Kifrisia. Alikuta vijiji vingi havina hata mstari mmoja. Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2013, akafungua siku ya kwanza ya mafunzo ya wahariri wapya katika maktaba ya Dokkum. Walikuja watu kumi na mmoja, wengi wao wakiwa wazee, naye akawapokea kwa kahawa na mikate miwili ya sukari. Bwana Gosse, mfugaji mstaafu, aliogopa kugusa kompyuta. Tetsje akamwambia, "Gosse, umekamua ng'ombe maisha yako yote. Hiki kipanya hakina mateke." Kufikia jioni Gosse alikuwa ameandika makala ya kinu cha upepo cha kwao.

Somo lake lilikuwa moja: nani kasema, na kasema wapi? Kisichokuwa na chanzo kilifutwa, hata kama kilikuwa kitamu.

Tarehe 16 Aprili 2016 somo hilo lilimgeukia mwenyewe. Alikuwa ameandika makala kuhusu moto wa kiwanda cha Aldesyl wa Novemba 1951, na jinsi Lieuwe Tamminga alivyovunja mlango na kuwaokoa wafanyakazi tisa. Hadithi hiyo alilelewa nayo, akawasimulia wanafunzi wake kila mwaka. Baba mwenyewe hakuwahi kuizungumzia, na nyumbani walidhani ni unyenyekevu. Siku hiyo mwanafunzi mpya aitwaye Hiske, muuguzi, alipewa makala hiyo atafute chanzo. Akalipata gazeti la wiki ile ile ya moto. Aliyevunja mlango alikuwa kibarua, Durk Wielsma. Fundi Tamminga, gazeti lilisema, alikuwa mjini kununua vipuri.

Hiske alimwita pembeni, akamwonyesha kwa sauti ya chini. Tetsje alisoma mara mbili. Baadaye alimwambia Maaike kwamba kwa kitambo kidogo alitamani gazeti lile lingeungua pamoja na kiwanda. Kisha akawaita wote wasogee, akawaonyesha gazeti.

"Mimi ni mtoto wa Lieuwe, sifai kuigusa makala hii," alisema. "Hiske, andika wewe. Weka jina la Durk, na tanbihi yenye tarehe ya gazeti."

Jumatatu alikwenda kwa Geartsje, binti wa Durk, kumwomba radhi. Geartsje hakuwa amewahi kuambiwa na mtu yeyote kuhusu mlango ule.

Rienk alikasirika sana. Alimwambia dada yake kwamba amemzika baba mara ya pili, na kwa miaka miwili na nusu hakukanyaga kwake. Tetsje aliendelea kumpelekea kadi ya siku ya kuzaliwa. Tarehe 6 Oktoba 2018, mafunzo yakiwa yameshaanza, Rienk aliingia maktabani, akaketi safu ya nyuma bila kuvua koti.

"Haya, dada," alisema hatimaye. "Hebu nionyeshe hiyo tanbihi inawekwaje."

Tetsje alivuta kiti, akaketi karibu naye.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliukataa uchovu kadiri alivyoweza, akafundisha mara ya mwisho mwezi Machi, akiwa ameketi. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, Rienk, Hylke na Maaike wakiwa kando yake.

Ameacha mdogo wake Rienk, watoto wake Hylke na Maaike, wajukuu wanne, na wahariri mia mbili na kumi na wanne waliopita mikononi mwake. Mafunzo ya Jumamosi, tarehe 1 Juni, yapo kama alivyoyapanga, saa nne asubuhi. Yataongozwa na Hiske, na mikate italetwa na Geartsje Wielsma.

Umetimiza kazi yako, Mwalimu. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.