Kumbikumbi wa Uzi

Kijiwe cha kahawa kiko Mugumu, mbele ya cherehani ya Saadi, ambaye wenzake humwita Sindano, na asubuhi hiyo nafasi moja kwenye benchi ilikuwa wazi. Mwenye nafasi hiyo, Mzee Simioni, alikuwa mgonjwa, siku ya nne kitandani, hali kitu. Alichotamani ni supu ya perege wa mto Manchira tu. Sindano akaapa kumletea. Mvua zilikuwa zimewatoa kumbikumbi, na msimu huo perege hupanda juu ya maji kuwadokoa. Basi akamshona kumbikumbi wake kwa uzi na manyoya ya jogoo, akamfunga kwenye ndoana, kama alivyoonyeshwa na mgeni mmoja aliyeleta koti kushonwa. Siku mbili mtoni, hakuambulia kitu. Roho ilimuuma, ila kijiwe kilikuwa na majibu tele.

— Ni harufu, mura, — alisema Nchagwa, aliyeitwa Mahakama kwa kupenda kuhukumu, huku akitafuna kumbikumbi wabichi kutoka kwenye bakuli. — Unanuka oili ya cherehani. Wahenga walisema samaki huanza kuoza kichwani. Maana yake akili anayo.

— Kuoza na akili wapi na wapi? — Sindano akauliza.

— Kisichokuwepo hakiozi!

Nikodemo, muuza dawa za mifugo, yaani Daktari, akachota naye bakulini.

— Tatizo ni mabawa. Jogoo mwenyewe haruki, manyoya yake yatamrusha nani? Tafuta ya tai.

— Tai nitamtoa wapi?

— Haraka haraka haina baraka. Msubiri apite.

— Wala! — Mahakama akadakia. — Perege wameshaambizana. Wanakujua kwa kofia. Kesho vaa gauni la mkeo.

Kwa jinsi alivyompenda Mzee, Sindano alianza kulifikiria gauni.

Hapo akafika Robi, binti wa Mzee, na kikombe kitupu.

— Shikamooni. Baba anaomba kahawa ya hapa.

— Marahaba. Amekula?

— Bado. Anaulizia samaki.

Sindano akamwonyesha kumbikumbi wa uzi kwa aibu. Robi akamgeuzageuza, kisha akatazama bakuli.

— Kwani hawa wa kweli, perege hawawali?

Mahakama akaacha kutafuna. Bakulini yalibaki mabawa matupu. Kumbikumbi wa mwisho alikuwa vidoleni mwa Daktari, karibu na mdomo, akirusha miguu. Daktari akaitazama nafasi ya Mzee kwenye benchi, akamweka yule mdudu taratibu kiganjani mwa Sindano.

— Shika, mura. Huyu ni wa Mzee.

Sindano akaiacha suruali ya mtu kwenye cherehani, mguu mmoja haujashonwa, akashika njia ya mtoni.