Bi Ummkulthum Nyange, Aliyezipatanisha Saa za Hamira

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025 Bi Ummkulthum Nyange Vuai anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa vinasaba hapa Vitongoji, Pemba, kwa miaka thelathini na minne na miezi tisa. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba. Wote saba aliwataka saini kabla ya kuwapa faili.

Aliajiriwa Februari 1991 kuwa karani wa masjala, kituo kikiwa bado kinashughulika na mbegu tu. Mkurugenzi wa tatu aliwahi kutaka faili lake mwenyewe bila kujaza daftari la kutolea. Alirudi ofisini mikono mitupu, na alipolalamika aliambiwa, kwa heshima zote, kwamba faili ni lake lakini kabati si lake.

Mwaka 2014 kituo kilifungua kanzidata ya mtandaoni. Kwa msomaji asiye wa maabara, kazi yake ni hii. Kila chembe hai, kabla haijagawika, hunakili vinasaba vyake vyote. Haianzi ncha moja ikaishia ya pili. Huanza sehemu nyingi, kama watu walioingia konde moja kubwa wakalima kila mmoja kwa upande wake. Wengine huwahi, wengine huchelewa. Sisi hupima jambo hilo kwa hamira, ileile ya mkate, ila yetu hulelewa kwenye baridi ili ifanye kazi polepole, kwa saa kumi, tupate kuiona vizuri. Kanzidata huonyesha matokeo kwa mchoro wa milima na mabonde: mlima ni mahali palipowahi kunakiliwa, bonde ni mahali palipochelewa. Mtu yeyote duniani anaweza kuufungua mchoro, kuukuza, kuulinganisha na wa kwake na kuuchukua bure.

Waliopendekezwa kuitunza walikuwa vijana wa kompyuta. Mkurugenzi wa wakati huo akasema kompyuta hufundishika, kutunza hakufundishiki, akampeleka Bi Ummkulthum Unguja kwa mafunzo ya wiki mbili. Alirudi na daftari lililojaa na lalamiko moja: darasa zima hakuna aliyeuliza vitu vikipotea anaulizwa nani.

Hakuyaamini sana mambo ya kuhifadhi vitu hewani. Kila mchoro uliopandishwa mtandaoni aliuchapa, akautia kwenye jalada, akaliandika jalada namba. Tulimcheka mpaka mwaka 2017, mtandao ulipokatika siku tisa na mgeni wetu kutoka Bara akamaliza utafiti wake kwa majalada, rula na penseli.

Adabu nayo aliisimamia. Maombi ya takwimu yalikuja kutoka kila upande wa dunia, mengi yakianza na haja bila salamu. Bi Ummkulthum hakukataa ombi hata moja. Alijibu kwa kumjulia hali mwombaji na watu wake wa nyumbani, akangoja. Mwombaji alipojibu salamu, takwimu zilitumwa saa hiyohiyo. Wazoefu walijifunza. Yuko profesa mmoja ambaye kila barua yake sasa huanza, “Bi Ummu, hujambo, watoto hawajambo? Naomba kromosomu ya saba.”

Februari mwaka huu ilikuja barua kutoka sekretarieti ya mtandao wa kimataifa unaounganisha kanzidata za aina hii. Ilisema kwa upole kwamba katika takwimu za Pemba hamira nyingine humaliza kazi kabla ya kuianza, na nyingine hukaa saa saba bila kufanya lolote. Mtaalamu mmoja alikwisha kuandika kurasa kumi na mbili kueleza sababu. Tulipewa hadi tarehe 30 Juni kurekebisha, la sivyo seti zetu zote 412 zingeondolewa kwenye utafutaji wa pamoja. Kanzidata isiyotafutika ni duka lisilo na mlango. Miaka kumi na moja ya kazi ya Bi Ummkulthum ingestaafishwa miezi minne kabla yake.

Chanzo alikipata siku ya pili, saa tatu asubuhi, ambayo kwa mashine ni saa tisa. Na hapo ndipo penye kesi yenyewe.

Wakati wa kuiachia hamira ianze kazi huandikwa na mashine, inayohesabu kuanzia saa sita usiku. Wakati wa kuchukua sampuli huandikwa na binadamu. Fundi wetu Jecha husoma saa ya Kiswahili, kama kila mtu kwao Shumba. Mwenzake Haitham, aliyesomea ng'ambo, husoma ya Kizungu. Mara nyingi mmoja alisoma na mwingine akaandika, hivyo mwandiko haukusaidia. Fomu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa “Saa”, basi. Fomu hiyo aliitunga Bi Ummkulthum mwenyewe, na alilisema hilo kikaoni kabla hajaulizwa.

Kikao hicho hakitasahaulika. Alishika fomu ya mwaka 2015 akauliza, “Jecha, hino saa kumi na dakika tano ni saa ya wapi?”

“Ya mkononi mwangu, Bi Ummu. Wataka ya mguuni?”

“Nataka ya kweli.”

Jecha alikiri hakumbuki. Haitham naye hakukumbuka, ila kwa maneno mengi zaidi. Mkurugenzi wetu wa sasa, Dk. Ridha Seif, akapendekeza saa zote zisogezwe mbele sita, mambo yaishe. Bi Ummkulthum alimwonyesha kwamba hilo lingemponya Jecha na kumuua Haitham. Akaomba apewe chumba, meza na fomu zote 412, moja kwa kila seti.

Alikaa na fomu hizo miezi minne, na njia aliyoitumia haimo katika kitabu chochote cha sayansi. Alileta daftari la mahudhurio, daftari la jenereta na kalenda ya misikitini. Fomu ya Ijumaa iliyoandikwa saa saba haikuweza kuwa ya Kiswahili, kwa sababu saa saba mchana Ijumaa hakuna mwanamume aliyepata kuonekana kituoni. Fomu ya saa kumi yenye doa la mafuta ilikuwa ya Kizungu, kwa kuwa bajia za Bi Mwanapili, anayetuuzia hapa kituoni, hutoka saa nne asubuhi na hazijawahi kuifikia alasiri. Fomu za Ramadhani, zisizo na doa lolote, zilimpa taabu zaidi. Hizo alizimaliza kwa kumwita Bi Mwanapili mwenyewe, anayekumbuka nani aliondoka mapema mwaka gani, na kwa kisingizio gani. Haitham ameomba sehemu hiyo isichapishwe.

Hesabu ya mwisho: fomu 231 za Kiswahili, 164 za Kizungu, na 17 zisizo na ushahidi. Hizo 17 aliziondoa mtandaoni.

Miongoni mwake ilikuwa namba 208. Wafanyakazi wapya huenda hawajui uzito wake. Ndiyo seti nzuri kuliko zote tulizopata kuwa nazo. Milima yake imesimama kama imechorwa kwa mkono. Dk. Ridha ameiweka kwenye kalenda ya kituo miaka minne mfululizo, kwenye fulana, na kwenye kibao cha getini. Sampuli zake zilichukuliwa Machi 2016, Jecha akiwa Umra na Haitham akiwa kitandani na homa, na aliyezichukua, kwa mara yake ya kwanza na ya mwisho maabarani, alikuwa Bi Ummkulthum. Katika kanzidata nzima, huo ndio mchoro pekee wenye jina lake. Kisandukuni aliandika 9:15.

Dk. Ridha alimfuata mwenyewe chumbani. “Bi Ummu, wewe ndiye uliyeandika. Kama wewe hujui ni saa gani, nani ajuaye?”

“Najua. Ilikuwa alasiri. Lakini siwezi kuwa shahidi wa jambo langu mwenyewe.”

Mkurugenzi alimkumbusha habari ya kalenda. Bi Ummkulthum akamjibu kwamba kalenda ya kituo ina tarehe tu, haina saa, haikumsaidia.

Majibu ya mtandao yalikuja tarehe 27 Juni. Seti 395 zilipokelewa, na kanzidata ikabaki. Barua iliongeza kwamba tangu sasa kila mwanachama ataandika saa zake ni za mtindo gani, na ikauliza kama mhusika wa Pemba angekubali kuwafundisha wengine. Alikubali, baada ya salamu. Mtaalamu wa kurasa kumi na mbili ameziondoa.

Ilibaki zawadi ya kumuagia. Lilitajwa jokofu, likatajwa zulia. Jecha akasema Bi Ummu ana majokofu mawili na mchoro hana hata mmoja. Kwa hiyo tarehe 14 Oktoba ile kazi ya namba 208 ilirudiwa tangu mwanzo. Bi Ummkulthum alichukua sampuli mwenyewe, Jecha na Haitham wakasimama kushoto na kulia, kila mmoja akaandika saa yake na kutia saini.

Mchoro umetoka, na si mzuri kama ule. Umeme ulikatika dakika arobaini, na katika kromosomu ya nne mlima mmoja umebonyea ubavuni. Dk. Ridha aliuliza kama pale panaweza kulainishwa kidogo. Bi Ummkulthum aliweka maelezo ya umeme chini ya mchoro, akaupandisha kama ulivyo. Ni namba 413, una jina lake na mashahidi wawili, na kalenda ya 2026 imechapwa upya, safari hii na mchoro huo.

Bi Ummkulthum, tunakushukuru kwa kila kitu ulichokitunza, na hata kwa ulivyotunyima mpaka tutie saini. Unarudi Pujini kwa wajukuu na shamba lako. Mwenyezi Mungu akupe afya, raha na umri mrefu wenye heri.