Nasisitiza ya Kumi na Mbili

Tulikuwa watatu kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, tukirudi mjini kutoka mkutano wa wakulima Mtawanya. Kulia alikaa bwana shamba aliyetuhutubia asubuhi nzima, kushoto mama mmoja wa makamo. Mimi katikati nilikuwa mpaka wa nchi mbili.

"Bwana shamba, nimekuhesabia," mama alisema. "Umesema 'nasisitiza' mara kumi na moja. Ulisisitiza nini?"

"Korosho zianikwe siku tatu kabla ya kutiwa kwenye magunia, mama. Kusisitiza ni kumwambia mtu kwamba jambo hili ni kubwa, asilipuuze."

"Na mwaka jana ulituambia hivyo hivyo. Magunia yetu yakakataliwa ghalani kwa unyevu. Mimi ni kungwi, mwanangu. Unyagoni hatumwambii mwali kwamba jambo ni kubwa. Tunamwimbia, naye anaimba mpaka turidhike. Akishindwa kuimba, basi sisi ndio hatujasisitiza."

Akaanza pale pale, akipiga goti langu kama ngoma: korosho yataka jua la kwanza, jua la pili, jua la tatu, gunia lingoje. Dereva akaitikia. Mimi nina haya, lakini kabla ya kona ya pili nami nilikuwa naitikia.

Bwana shamba alitazama barabara mpaka bajaji iliposimama.

"Nasisitiza, mama," alisema akishuka, "mtaalamu haimbi mbele ya wakulima."

Hiyo ilikuwa ya kumi na mbili. Dereva hakuisikia; bado alikuwa anaimba gunia lingoje.