Bigirimana Antoine na Nyani wa Runingu

Mzee wetu Bigirimana Antoine alizaliwa kijijini Runingu tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa Ndayisenga na Consolate. Shule ya primaire alisomea huko huko, akaiachia mwaka wa tano ili asaidie shamba la mihogo.

Tarehe 5 Julai 1986 alifunga ndoa na Mama Gloriose. Mama anasema bwana harusi alichelewa kanisani sababu alisimama njiani kuangalia nyani. Anasema hakukasirika. Alikasirika kidogo.

Mwaka 2021, wakati wa korona, vijana wa Runingu walisema nyani ndio wanaleta ugonjwa, wakanoa mapanga wawamalize. Mzee akawaomba wangoje. Watu wa utafiti walikuwa wamemupa kazi ya kuokota mavi ya nyani, yapimwe ijulikane kama ni sisi watu tumewaambukiza wao.

Vita ilikuwa imejaa barabarani. Siku moja alikuwa anapeleka mavi hayo Uvira ndani ya glacière, sanduku lenye barafu. Kwenye barrière, pale askari wanapofunga njia kwa kamba, askari mmoja akadhani ni samaki, akataka wake.

"Iko nini humo?"

"Mavi ya nyani, chef."

"Weye muzee, unanitukana?"

Mzee akafungua. Askari akainama, akanusa mwenyewe, na wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo walimwita Papa Mavi, wakawa wanamwinulia kamba kabla hajasimama, wakimwambia akimbie barafu isiyeyuke. Jina hilo alilipenda sana.

Majibu yakatoka: korona haikuonekana kwa nyani wale, lakini sisi tungeweza kuwapa. Vijana wakaweka mapanga chini. Mzee akakataza kila mwenye kikohozi kulima karibu nao, hata padri.

Januari 2024 kifua kilimkamata, akawa kwa binti yake Délice, mtaa wa Kasenga, Uvira. Alitamani sana kuwaona nyani wake. Tukaleta pikipiki, akakataa kupanda.

"Minye niko nakohoa. Mutaniulia watoto."

Basi Frédéric, mmoja wa wale vijana wa mapanga, akawa anakuja Kasenga kumweleza nani amezaa, nani amepigana na nani. Mzee alicheka hivyo mpaka tarehe 9 Machi, alipotuacha asubuhi, usingizini.

Ameacha mjane wake Gloriose, watoto wake Délice na Candide, wajukuu saba, na nyani wa Runingu, ambao Frédéric amewaona jana: wako wazima, hakuna anayekohoa. Mungu amupe mzee wetu pumziko lenye amani.