Risala ya Wakulima wa Ngano Kuhusu Shamba Namba Nne

Mgeni rasmi, mkuu wa utafiti wa mbegu. Bwana shamba wetu. Na majirani mliokuja kusikiliza:

KARIBU
Gari lako limegoma, ukapanda mlima huu kwa miguu, na viatu vyako tumeviona. Pole sana. Tunajua umekuja na barua ya kufunga jaribio. Tunaomba ikae mfukoni mpaka tumalize kusoma.

TULIKOTOKA
Huku juu, ngano ikiwa na majani matatu tu, umande huganda kuwa jalidi alfajiri, na jua likitoka shamba zima limebabuka. Msimu uliopita ofisi yako ilituletea mbegu zilizopakwa dawa nyekundu ya kuzisaidia kuhimili baridi. Mashamba matatu yalipewa hizo. La nne lilipewa mbegu tupu, ili tulinganishe. Kura ya shamba la nne ilimwangukia Shangazi.

TULICHOVUNA
Jalidi ilishuka mara tatu. Mashamba yote manne yalisimama. Wataalamu wako wakaandika kwamba kutia dawa na kutotia ni mamoja. Hatuwalaumu, waliandika walichokiona.

TULICHOKOSEA
Mgeni rasmi, hapa tunakiri kosa letu. Shangazi ni mjane mwenye wajukuu watatu, na hana shamba jingine. Baada ya kura alikaa na gunia lake akizichambua zile mbegu tupu punje mojamoja, kana kwamba angeipata yenye nguvu. Moyo ulituuma. Kila mmoja wetu akampelekea kopo la mbegu nyekundu.

"Mtaniponza nyie," alisema, na huku kapu ameshalisogeza.

"Panda, Shangazi. Ngano haina mdomo," tukamjibu, tukacheka.

Zile tupu zikasagwa unga. Bwana shamba hakujua lolote, na asiulizwe. Kwa hiyo shamba la kulinganishia halikuwapo kabisa. Huruma yetu ndiyo iliyoiponza dawa iliyotuokoa. Tangu ripoti itoke, Shangazi kila akimega mkate anaona aibu, na sisi tunaona aibu kumtazama.

OMBI
Tunaomba msimu mmoja tu. Safari hii hakuna kura. Kila mmoja wetu atapanda mistari kumi ya mbegu tupu katikati ya shamba lake mwenyewe, na jalidi ikiichukua, ichukue. Wataalamu waje wahesabu kitakachobaki. Shangazi ameomba yake iwe ishirini. Tulimkatalia, akasema, "Mkinihurumia tena, nahama."

Basi Mungu akushushe salama hadi bondeni, ayabariki mashamba na maabara, na ile barua, akipenda, aisahaulishe mfukoni.

Ni sisi wako, Kikundi cha Wakulima wa Ngano Tusichoke.

Imesomwa kwa niaba ya wote, na kwa kuomba mwenyewe, na mwenye shamba namba nne.