Kikombe cha Kwanza, Nilichokipata kwa Cheti

Wanajumuiya, Tumsifu Yesu Kristo. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na mlango. Majina sitaji, wenyewe mmo humuhumu, mtajijua.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa mnywaji wa gongo mwenye cheo. Hapa Mwazye, pale tulipokuwa tunakunywa, kulikuwa na desturi: gongo ikianza kudondoka kwenye bomba, kikombe cha kwanza anapewa mkubwa kuliko wote. Kinachoma koo mpaka unakumbuka dhambi za utotoni. Ndiyo heshima yenyewe.

Sasa, jirani yangu mmoja tuligombea ukubwa. Yeye anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Mimi nasema nzige hao niliwafukuza kwa mikono yangu. Nikafunga safari mpaka misheni Kaengesa, na goti hili bovu. Goti lenyewe niliumizwa na ng'ombe wa mahari, lakini hiyo tuiache. Nikarudi na cheti cha ubatizo, na tarehe yake nimeiona kwenye kitabu hichohicho. Nimemzidi miezi miwili! Tangu hapo kikombe cha kwanza kikawa changu, hakuna wa kubisha.

Asubuhi moja naamka, dunia nyeupe, kama nimetumbukizwa kwenye gunia la unga. Nikasema ni ukungu tu, Ufipa hii! Nikatoka. Uani naona mtu mweupe kasimama, ana ndevu. Nikapiga goti, hilohilo bovu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

Akatikisa ndevu. Nikajua anasubiri niungame. Nikaanza. Nilipofika kwa yule kuku wa katekista (katekista, tutaongea baadaye), nikasikia mke wangu nyuma:

"Mzee, mbona unamwungamia beberu?"

Chekeni tu. Hata yeye alicheka, mpaka nilipogeuka nikamwuliza, "Uko wapi?" Hapo akaanza kulia. Namsikia, simwoni.

Jirani yuleyule akaja mbio. Wakanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma amenikumbatia kama gunia la mahindi, mpaka hospitali Sumbawanga. Daktari, binti mdogo, akanipa shikamoo kwanza, akauliza nilichokunywa.

"Babu, pombe inapochacha, sumu nayo inaweza kujitengeneza humohumo. Mkiipika, inapanda na mvuke. Ile ya mwanzo nani anakunywa?"

"Huyu hapa, daktari!" jirani akadakia. "Ana cheti!"

"Na wewe unayekunywa ya mwisho, usidhani unakunywa maji ya baraka. Yote hatari."

Nikawekewa dripu. Nikalala pale sijui usiku wala mchana, nikimwambia Mungu kwamba ukubwa nimeuacha, anirudishie macho tu. Siku ya nne nikaona kitu cheusi kinacheza mbele yangu. Ulikuwa mdomo wa jirani, ananisimulia habari za beberu.

Namshukuru huyo. Mwezi mzima alinishika mkono kwenda kliniki. Namshukuru mke wangu, na yule binti. Na mama aliyekuwa anatupikia gongo, siku hizi pipa lake ni la togwa isiyolevya.

Ninalowaachia ni hili: heshima ikija ndani ya kikombe, uliza kwanza kilichomo. Na mtu akinywa, kisha akasema anaona ukungu, msimwambie alale apoe. Mkimbizeni hospitali.

Nakaa sasa. Ila jicho la kushoto halijarudi lote, kwa hiyo naomba mniambie: huyo mweupe anayeingia mlangoni, nipige goti, au nimfukuze?