Nusu Mita ya Papa Isidore

Kwa heshima zote, Ofisi ya Viwanja inawatangazia wafanyakazi na wakazi kwamba misumari miwili iliyo nyuma ya mlango wa chumba namba saba itabaki wazi kuanzia tarehe 31 Desemba 1997. Msumari wa juu ulikuwa wa kofia. Wa chini ulikuwa wa kamba. Anayeitaka amwone karani, ambaye hana kofia, na kamba akiishika hujifunga miguu.

Mwenye kofia na kamba ni Papa Isidore Kabange, mpima viwanja wetu. Siku hiyo anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi kumi na mmoja ya kazi. Alianza Februari 1966, na wakati huo ofisi ilikuwa na utepe wa chuma wa kupimia, baiskeli mbili, na karatasi nyeupe pande zote. Utepe ulikatika mwaka 1992, wala haukuletwa mwingine. Papa Isidore akasokota kamba ya katani, akapiga fundo kila mita, akarudi kazini. Watu wa mtaa wa Kikula walimtania: "Ba Isidore, leo mbuzi wako iko wapi?" Alijibu kwamba mbuzi ametoroka na mshahara wake, wakimwona wamwambie.

Kamba ya katani ina tabia moja. Ikilowa hufupika, na kamba fupi humhesabia mtu mita ambazo hazipo. Kwa hiyo mvua ikinyesha Papa Isidore aliacha kazi palepale, akatundika kamba kwenye msumari, akangoja ikauke. Katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa kimeanza kupindika, yeye aliogopa maji kwenye kamba. Tulimcheka sana, mimi karani nikiwa wa kwanza.

Vijana wajue pia kanuni zilivyokuwa. Kiwanja kilikuwa mita ishirini kwa thelathini, na hati haikutoka mpaka nyumba isimame nzima: tofali la kuchoma, simenti chini, bati juu. Halafu viwanda vikanyamaza, mishahara ikasafiri bila kuaga, na mfuko wa simenti ukawa kitu cha kutazamwa kwa mbali, kama pete ya askofu. Familia tatu zililala chumba kimoja, na mwisho wa Kikula majani yalikuwa yanaota kwenye ardhi tupu ya mji.

Machi 1993 Papa Isidore aliandika pendekezo. Barabara zichorwe kwanza. Viwanja viwe mita kumi na mbili kwa kumi na tano. Mtu ajenge chumba kimoja tu, kwa tofali bichi juu ya mawe ya machimbo ya Kamatanda, apewe hati yake, vingine ataongeza Mungu akijalia. Kisima kimoja kwa nyumba sita. Na upande wowote wa kiwanja usipungue mita nane, ili kitanda kipite kikiingia na jeneza lipite likitoka.

Leo kuna nyumba mia mbili na kumi na mbili pale. Barua ya pongezi ya mwaka jana inasema mpango huo ulitokana na wakubwa kuona mbali. Niliitaipu mwenyewe barua hiyo, na nilikohoa mara mbili.

Hapa ningeshukuru, nikamtakia mapumziko mema, tukaenda kunywa. Lakini Papa Isidore amenifundisha kutopima na kamba iliyolowa, kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa kweli.

Pendekezo lile halikusainiwa na mtu. Tulikuwa hatuna karatasi, tukaandika migongoni mwa ramani za zamani, kama tangazo hili. Nyuma ya ukurasa wake kulikuwa na muhuri wa miaka ya sabini, na wino ulikuwa umepenya hadi upande wa pili. Mimi, Blaise, karani mwenye haraka, niliona duara la muhuri nikadhani limekwisha kubaliwa. Nikalipigilia mlangoni. Muhuri ulikuwa umegeuka kama sura kwenye kioo, na sikuuona.

Kabla ya saa sita foleni ilikuwa imefika barabarani. Wa kwanza alikuwa Mama Mayimuna, muuza samaki wakavu. Papa Isidore alipoiona karatasi ile, alinitazama, akanyoosha mkono aibandue. Mama Mayimuna akasema: "Papa, minye niko na batoto tano. Mvula itabangojea mpaka simenti ishuke bei?" Mkono ukabaki hewani. Kisha ukashuka, ukachukua kamba.

Alipima miaka miwili. Nami nilichukua kiwanja namba kumi na nne, bila aibu. Yeye hakuchukua. Mke wake, Mama Clotilde, amehama nyumba za kupanga mara sita, na kila mara hubeba kitasa cha mlango alichonunua mwaka wa ndoa yao, kingali kwenye karatasi yake. Kila jumuia ya kanisa ikikutana alimwuliza mbele yetu: "Na yetu, Isidore?" Alijibu: "Bado." Tulidhani ni uzembe, tukamtania.

Mwaka 1995 akaja mkaguzi. Aliugeuza ule ukurasa kwenye mwanga, akauona muhuri kinyume. Neno lake moja lingebomoa nyumba zote. Akauliza swali moja tu: "Na wewe, Bwana Kabange, kiwanja chako kiko wapi?"

"Sina."

Mkaguzi alipekua orodha nzima, hakuona jina lake. Akasema mwizi hujikumbuka kwanza; hili basi ni kosa tu, na kosa husahihishwa. Saini ikaja. Wakati huo viwanja vilikuwa vimekwisha. Papa Isidore alikuwa amelijua swali hilo miaka miwili kabla ya kuulizwa. Wala hakusema nani alipigilia karatasi.

Sasa mwenye nyumba wanayopanga anataka chumba chake, na mkokoteni umeshapatikana wa kuwapeleka mji wa Kambove, kwa dada wa Papa Isidore. Mama Clotilde ataacha kwaya yake, soko lake, na watu wote wanaomwita kwa jina.

Jumamosi nilimwita Papa Isidore, pamoja na mkewe, kiwanjani kwangu namba kumi na nne. Nilimwambia tukate katikati, nusu yake, nusu yangu. Alikataa, kisha akakubali kupima tu. Alipima polepole, kamba ikiwa kavu kama mfupa. Kumi na tano kugawa mbili, saba na nusu. Kanuni inasema nane, na kanuni aliiandika mwenyewe.

"Imepungua nusu mita," akasema, akaanza kukunja kamba.

Mama Clotilde alikuwa amesimama mahali ambapo mlango ungekuwa, kitasa mkononi. Hakuondoka. Aliangalia juu ya Kamatanda, mawingu yalikuwa yanakuja.

"Tungoje mvula," akasema. "Ikinyesha, njo utapima tena."

Nilingoja Papa Isidore acheke, au akasirike. Miaka thelathini na moja na miezi kumi na mmoja. Alitazama kamba, akamtazama mkewe, akaketi juu ya jiwe, kamba magotini, uso kuelekea mawingu.

Papa Isidore, Mama Clotilde, asanteni kwa yote. Tunawatakia mvua.